Misimu Miwili ya Anga Tupu

Juu ya mgongo wa mlima, mwendo wa saa moja kutoka kwangu kwa miguu ya mzee, kuna jiwe bapa ambalo nimelikalia kila vuli tangu nistaafu ualimu. Ukikaa hapo umeelekea mashariki, uwanda wa Mkomazi wote uko chini yako, na ukigeuza shingo kidogo kulia unayaona mashamba ya Bendera. Upepo wa pale hauna adabu. Umeshanipokonya kofia tatu, na mojawapo ilikuwa zawadi ya kuagwa kazini. Kazi yangu juu ya jiwe hilo ni kuhesabu ndege.

Si kila ndege. Nahesabu tai, kozi, vipanga na jamaa zao wengine wala nyama, wale wanaokimbia baridi ya kwao kaskazini na kupita juu ya milima yetu mvua za vuli zinapokaribia. Tai huja kwa makundi madogo, wazito, hawana haraka. Kozi huja wengi, tena huja mbele ya mvua, kwa sababu mvua huwatoa kumbikumbi ardhini na kozi anawapenda kumbikumbi kama watoto wa hapa wanavyowapenda. Nilikuwa nawatazama kwa raha zangu tu, mpaka siku moja mtafiti mmoja, binti mpole aliyevaa buti kubwa kuliko yeye, akanikuta nimesimama njiani nimekodoa macho juu. Tuliongea hadi jua likawa kali. Aliporudi mara ya pili alinikabidhi darubini na rundo la fomu, akaniambia kwamba upande huu wa milima hakuna mtu mwingine anayehesabu, kwa hiyo nitakachoandika mimi ndicho kitakachojulikana. Maneno yale yalinipanda kichwani. Mwalimu mstaafu ukimwambia hivyo umemmaliza.

Kuhesabu kwenyewe kuna kanuni yake. Jua likishapasha mawe, hewa ya moto huanza kupanda, na ndege huifuata wakizunguka, wakizunguka, wakipanda bila kupiga bawa. Hapo usiwahesabu. Ukijaribu utamhesabu mmoja mara nne, kama vile kuhesabu wanafunzi wakati wa mapumziko. Unasubiri wafike juu kabisa, waache kuzunguka na kuanza kuteleza kuelekea kusini mmoja baada ya mwingine. Wakishapanga mstari namna hiyo ndipo unawaita: kumi, ishirini, thelathini. Na kwa kuwa anayeita hawezi kushusha macho, lazima awepo wa pili wa kuandika.

Wa pili wangu ni mdogo wangu wa kike, mjane, mkulima wa tangawizi. Yeye huanza siku yake kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, siku ambazo zamu ya maji ni yake. Akishamwagilia hunikuta jiweni na chupa ya chai na mihogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Hajasoma sana, lakini hati yake ni nzuri kuliko yangu. Huchora vijiti vyake vinne, cha tano anakilaza juu yao, safi kabisa. Watu wa kijijini walizoea kututania. "Mwalimu, hao mwewe unaowahesabu, ukimaliza waambie warudishe vifaranga vyetu," jirani mmoja hunipigia kelele kila nikipita kwake. Mimi humjibu kwamba vifaranga vyake vinaliwa na paka wake mwenyewe.

Sasa nije kwenye lililonipata. Misimu mitatu iliyopita, ndege walianza kupungua. Mwanzoni nilidhani wamechelewa. Wiki ikapita, ya pili ikapita, nami naita tai wawili, tai mmoja, kozi wachache wanaopita karibu na mgongo, halafu anga tupu. Nilikuwa nimezoea siku ambazo fomu moja haitoshi. Msimu ule tulirudi nyumbani na mistari mitupu, na kwenye nafasi ya maoni niliandika kwa herufi kubwa: NDEGE WAMEPUNGUA SANA.

Iliniuma. Naomba nieleweke hapo. Nililala nikiwaza sumu za mashambani, nyaya za umeme, na wawindaji wa huko wanakopita. Kitu kinachopita juu ya kichwa chako tangu hujazaliwa kinapoanza kwisha mbele ya macho yako, na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kukihesabu, unajiona kama umeachiwa mgonjwa akakufia mikononi.

Msimu uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Nikaomba nafasi kanisani wakati wa matangazo, nikasimama na fomu zangu mkononi, nikawaambia waumini kwamba tai wanakwisha, na kwamba watoto waliobatizwa pale mwaka ule huenda wasiwaone. Watu waliacha vitabu vya nyimbo, wakanikazia macho. Nisiwe mnafiki, sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahia kule kusikilizwa. Baada ya ibada watu walinishika mkono kama mfiwa.

Kuna jambo dogo la msimu ule wa kwanza ambalo nililisahau siku hiyohiyo. Mdogo wangu alinyoosha mkono akasema, "Kaka, kuna kundi kule, juu ya lile wingu." Nikaelekeza darubini, nikaona weupe tu. Jua lilikuwa linang'aa na mimi nilikuwa na njaa. Nikamwambia, "Tukianza kuandika vivuli vya mawingu tutachekwa. Mwenye darubini ni mimi. Wewe andika." Akaandika. Hakunyoosha mkono tena.

Macho yangu sikuyashuku hata kidogo, na nilikuwa na sababu. Katika misimu hiyohiyo miwili nilianza kusoma bila miwani. Mimi, niliyekuwa siwezi kusoma hata karatasi ya dawa bila miwani ya kusomea, nikawa naisoma Biblia ya maandishi madogo nikiwa nimekaa barazani, miwani iko ndani kabatini. Nilijisifu kwa kila aliyekuja. Nilisema ni karoti, nilisema ni hewa ya mlimani baada ya miaka mingi ya kumeza vumbi la jasi nilipokuwa nafundisha Makanya. Kama mbali kulionekana kama kuna moshi, nililaumu ukungu. Nilimwambia kila mtu kwamba siku hizi ukungu hautoki mpaka saa nane mchana, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, waliitikia.

Vuli iliyopita, siku ya tatu ya kuhesabu, mdogo wangu alipanda na kuku. Mke wa mpwa wetu alikuwa amejifungua kitongoji cha ng'ambo ya mgongo, na kwetu huendi kumwona mzazi mikono mitupu. Alikuwa anataka tukimaliza apitilize moja kwa moja. Kuku mwenyewe alikuwa jike mweusi, mnene, mwenye kiburi. Akamfunga mguu kwa kamba kwenye kichaka, karibu na jiwe langu, naye akaanza kuparura kama amehamia.

Tulikaa. Nikatazama juu, hakuna kitu. Nikasema, "Andika sifuri, saa tatu hadi saa tatu na nusu." Hapo kuku akaacha kuparura. Akalaza kichwa ubavu, jicho moja limeelekea mbinguni, akatoa sauti ndogo ya kooni, kisha akajilaza chini na kujibana kwenye kichaka. Nikacheka. Nikamwambia mdogo wangu kwamba anampelekea mzazi kuku mwoga. Hakucheka.

Baada ya muda kuku akainuka, akaparura kidogo, akarudia yaleyale. Kichwa ubavu, sauti ya kooni, chini. Mara ya tatu sikucheka tena. Mtu aliyefuga kuku anaijua sauti ile, na anajua kuku haitoi kwa ajili ya wingu. Nikachukua darubini, nikafuata lile jicho lilikokuwa linatazama. Nikazungusha kile kigurudumu cha katikati mbele, nikakirudisha nyuma. Nilichokiona ni kama maziwa yaliyotiwa maji.

Nikashusha darubini nimuulize mdogo wangu. Alikuwa ametazama juu, hajui kama namwangalia. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, unachezea kitu. Miaka arobaini nimesimama mbele ya darasa, namjua mtu anayehesabu kimoyomoyo.

"Unahesabu," nikasema.

Akashtuka. Akashusha macho chini. "Ndiyo, kaka."

"Unahesabu nini?"

"Tai."

"Wako wangapi?"

Akainua tena macho juu, akasema, "Hawa wamefika sitini. Bado wanapita."

Niliuliza tangu lini. Akasema tangu ule msimu wa kwanza, ile siku ya wingu. Kila siku, kila kundi. Na kila siku ameandika kwenye fomu kile nilichoita mimi.

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa mbaya. Nilimwambia ameniacha nidanganye kanisani mbele ya watu wote. Nilimwambia ameniacha niwalilie ndege walio hai. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Yeye alimfungua kuku kamba, akamkumbatia, akainuka na kushika njia ya kwa mzazi bila kugeuka. Mimi nikashuka peke yangu, nikajikwaa mara mbili kwenye njia ninayoijua tangu utoto.

Siku nne sikupanda. Nilikaa barazani nikijifanya nachambua maharage. Siku ya tano nikaenda Same hospitali. Daktari wa macho alikuwa kijana sana, aliniamkia "Shikamoo, mwalimu" kabla hata sijamwambia kazi yangu; sijui walimu tunanuka nini. Akanisimamisha mbele ya ubao wa herufi, akanimulika, akanitia dawa iliyoniwasha, akanimulika tena. Akasema nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ameanza siku nyingi.

Nikambishia. Nikamwambia nasoma bila miwani.

"Hilo ndilo lililokudanganya, mzee wangu," akasema. "Mtoto wa jicho huyu akianza, karibu panaweza kuwa pazuri kwa muda. Mbali ndiko kunakopotea. Hasa ukitazama mahali penye mwanga mkali, kama angani." Akanipa siku ya kufika kufanyiwa upasuaji, baada ya sikukuu. Akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa nalo moja tu, na hakuwa yeye wa kulijibu.

Kutoka stendi nilipitia kwa mdogo wangu kabla ya kufika kwangu. Nilimkuta anasafisha tangawizi. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia katikati. Nikasema, "Hizo hesabu zako, uliziweka wapi?"

Akanawa mikono. Akaingia ndani, akatoka na makopo mawili ya maziwa ya unga, yamefungwa midomo kwa vitambaa. Ndani mlikuwa na mbegu za nyonyo. Mbegu moja, ndege kumi. Kopo moja, msimu mmoja. Alikuwa anazihamisha kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto pale jiweni, na jioni anazimimina koponi. Nikamuuliza kwa nini nyonyo. Akanitazama kama mwanafunzi mzito. "Mahindi yangeliwa na dumuzi," akasema.

Tukazimwaga kwenye ungo. Tukahesabu pamoja, mara mbili, tukizisogeza kwa vidole. Kisha nikatoa daftari langu la miaka ya nyuma, ile miaka ya fomu zisizotosha, nikalinganisha. Msimu wa kwanza wa kopo ulikuwa sawasawa na miaka yetu mizuri. Wa pili ulizidi. Hakuna tai aliyekuwa amekwisha. Walikuwa wamepita wote, kundi baada ya kundi, juu ya kichwa changu, nami nimekaa chini yao naandikisha sifuri.

Nililia pale kwenye ungo. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nizae mtoto wa kwanza, na aibu ambayo sijaipata tangu nizaliwe, na vyote viwili vilinijia kwa pamoja. Mdogo wangu alinyanyuka akaenda kutazama chungu jikoni, ingawa chungu kilikuwa hakijainjikwa.

Kumpigia mtafiti kulinichukua siku mbili zaidi. Nilipanga maneno, nikayapangua. Mwishowe nilipopiga nilisema tu: fomu za misimu miwili si sahihi, ndege hawajapungua, ni macho yangu yaliyopungua. Akasema ripoti ilikwishatoka na namba zangu zimo, na kwamba atalazimika kuandika masahihisho. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akauliza nani aliyehesabu kwa mbegu, alihesabu vipi, alikuwa anasubiri ndege wapange mstari au la. Nikamwambia anasubiri. Nikamwambia anasubiri vizuri kuliko mimi. Jumapili nilisimama tena kanisani wakati wa matangazo, safari hii bila fomu, na nilimaliza upesi. Jirani yangu wa vifaranga alicheka mpaka mkewe akamfinya.

Jumatatu tukapanda. Nilimvisha mdogo wangu darubini shingoni mwenyewe, nikamfupishia kamba, nikachukua kalamu. Mwanzo alikuwa anaita kwa sauti ya chini, kama anaomba ruhusa. "Kaka, naona kama kumi na tano." Nikamwambia akiona kama, sitaandika; akiona, nitaandika. Kuelekea saa tano mawingu yakaanza kusimama juu ya uwanda, na kozi wakaja mbele ya mvua. Mimi nilikuwa naona weupe uleule wa maziwa. Lakini niliisikia sauti yake ikipanda: ishirini, arobaini, sitini, mia, ngoja, wanageuka, mia na arobaini. Nilikuwa nachora vijiti kwa kasi, karatasi iko karibu na pua, ambako naona vizuri. Fomu ya kwanza ikajaa. Nikaitia jiwe juu isipeperuke, nikaanza ya pili.

Mvua ilipita upande wa Bendera, haikutufikia. Tukanywa chai. Ndipo nikamuuliza lile swali nililolibeba tangu hospitali: kwa nini hakuniambia.

Ukweli ni kwamba jibu nilikuwa nimeshajitungia. Nilidhani ni heshima. Mdogo hamkosoi kaka yake mkubwa, tena mwalimu, tena niliyekwisha kumfokea mara moja. Nilikuwa tayari kumsamehe kwa heshima yake na kumpa nasaha kidogo.

Alizungusha kikombe mikononi. "Nilihofia utaacha kuja," akasema.

Sikuelewa. Akaendelea akitazama chini bondeni. "Ningekwambia macho yako yamekwisha, ungekaa nyumbani. Nakujua, kaka. Na mimi ningepanda huku na nani? Mjane akae mlimani peke yake anatazama juu, si watasema nimerukwa na akili?" Akajaribu kucheka, haikutoka vizuri. "Kule nyumbani kunakucha, kunakuchwa, hakuna anayenisemesha. Watoto wako mbali. Huku kutwa nzima tuko wawili. Nikasema acha aite anachoona, mimi nitawaweka wengine koponi, wasipotee."

Upepo ulikuwa unachezea pembe za fomu. Misimu miwili nilikuwa nimekaa nusu hatua kutoka kwake nikiomboleza vitu vya mbali, na sikumuuliza hata siku moja jioni zake zinapitaje. Hilo siwezi kulisingizia macho.

Nilimwambia hata madaktari wakinirudishia macho ya ujana, darubini ibaki shingoni kwake na kalamu ibaki kwangu. Akaishika darubini kwa mikono yote miwili, hakuipandisha.

"Na utakuja?" akauliza.

Nikamwambia nitakuja.